Yesu si deiwaka: barua kwa vijana wa mabanda ya Keko

Wanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ninyi Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu pale kwenye mabanda ya maseremala ya Keko, Dar es Salaam, Mlutheri na Mmoraviani wanapiga randa kwenye meza moja, na vumbi haliulizi mtu dhehebu.

Jumamosi iliyopita, mlipokuwa mnangoja umeme urudi, niliwasikia mkibishana. Mmoja wenu, kijana mzuri tu, mwenye mkono mwepesi wa patasi, alisema Yesu kwa Mungu ni kama deiwaka: mwenye gari yupo, dereva wake yupo, huyu kaachiwa usukani tripu mbili. Mkacheka. Nami nilicheka, maana mfano ulikaa. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona sikupaswa kunyamaza.

Hoja hiyo ni ya zamani. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha karibu hivyo: Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, katika nchi ya Uturuki ya leo, wakakataa. Kutoka huko tunayo yale maneno tunayoyakariri ibadani huku tukiwaza nauli ya kurudia: "aliyezaliwa bila kuumbwa". Fundi hapaswi kusumbuka nayo. Kabati nalitengeneza, na kabati si mtu. Mwanangu sikumtengeneza, naye ni mtu sawasawa na mimi. Ila msiuvute mfano huu mbali, kwani mimi niliishi miaka kabla ya mwanangu, na hapakuwa na wakati Baba alikuwa bila Mwana. Athanasio alikuwa shemasi tu kule Nikea. Baadaye, akiwa askofu, alipelekwa uhamishoni mara tano kwa kuling'ang'ania jambo hilo hilo.

Mtauliza alikuwa anagombea nini. Kama Yesu ni deiwaka, basi Mungu alimtuma mwingine akaumie msalabani, mwenyewe akabaki kijiweni. Sisi tunaamini mwenye gari ndiye aliyekuja. Kwa hiyo ukitaka kujua Mungu anamtazamaje mkoma, mtoza ushuru au mwanamke aliyefumaniwa, huna haja ya kubahatisha. Yesu mwenyewe alisema, "Aliyeniona mimi amemwona Baba."

Majirani zetu Waislamu watawauliza: Mungu ana mwana, kwani ana mke? Msiwakasirikie, na msikimbilie mihadhara ya kurushiana aya. Jibuni kwa utulivu kwamba hata sisi hatusemi Mungu alioa. Tunasema Mwana ni Neno lake la milele, lililofanyika mwili tumboni mwa Mariamu. Mungu ni mmoja. Petro alitaka tujibu kwa upole, na mimi naongeza: jibu ukiwa umeshashiba, njaa na dini haviendi pamoja.

Sasa tuje kazini. Katika Marko 6 watu wa Nazareti wanauliza, "Huyu si yule seremala?" Walikuwa wanamshusha. Neno la Kigiriki pale ni la fundi wa ujenzi, wa mbao na hata wa mawe. Luka anasema alianza kazi yake akiwa na umri wa kama miaka 30. Jambo hili hunishika kuliko miujiza: kabla mtu yeyote hajamwita Rabi, alikuwa na wateja.

Nami nilikuwa na mteja. Mama wa Mbagala, muuza vitumbua, aliagiza kitanda cha mninga, futi tano kwa sita. Fedha zake zilikuwa za kikoba, noti zimekunjwa, zinanuka mafuta. Kichwa na miguu niliweka mninga kweli. Mbavu nikaweka paini, nikazipaka rangi, nikaziba nyufa kwa gundi na unga wa mninga, nikapiga vanishi mara tatu. Fundi mwenzangu asingejua bila kukwangua kwa kisu. Jumapili iliyofuata nilikwenda Meza ya Bwana bila hata kikohozi.

Baada ya miezi kama kumi alirudi. Hakupiga kelele. Alifungua kipande cha gazeti, akamimina mezani kwangu unga laini wa mbao zilizoliwa na wadudu, akasema, "Fundi, mninga nao unaliwa?"

Fedha yake nilikuwa nimeshaila. Aliyenikopesha mbao mbili za mninga ni fundi wa banda la jirani, Mwislamu, ambaye kwa miaka nilikuwa nikimweleza habari za Yesu akinisikiliza kwa adabu. Alizichagua mwenyewe, akazipiga pembeni kwa kidole kusikia kama ni kavu, hakusema neno. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuwa na la kumhubiria.

Mchungaji aliniambia nimesamehewa kabla sijapakia hizo mbao kwenye guta. Ni kweli, ndiyo Injili yenyewe: msamaha haununuliwi, wala kwa sadaka, wala kwa chupa ya mafuta ya upako mnayouziwa siku hizi. Lakini mama wa watu alikuwa bado analala chini. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa kwenye Injili, naye hakurudisha fedha ili Yesu aingie kwake. Yesu alikuwa ameshaingia.

Nilizifunga zile mbavu Mbagala, chumbani kwake, magoti yakiwa sakafuni. Alinisimamia mpaka parafujo ya mwisho, kisha akakwangua mbao kwa ukucha. Sikumlaumu. Wakati wa kuondoka akanifungia vitumbua vinne.

Jumamosi umeme ukikatika tena, nipo banda la mwisho, karibu na mashine ya kupasulia. Yule wa deiwaka aje mapema. Namdai mjadala, naye ananidai msasa.

Babu yenu wa banda la mwisho