Leseni ya mbwa isifutwe, ibadilishwe

Mhariri,

Nimesoma hoja za wanaotaka jiji lifute leseni za wanyama wa nyumbani eti ni kodi tu ya kumkamua mwenye mbwa, na kusema kweli nusu ya maneno yao naafiki, leseni unayolipia dirishani unapewa risiti halafu hakuna anayeuliza mbwa kachanjwa lini, hiyo kweli haina maana. Ila kuifuta ndo nakataa.

Mwanangu aling'atwa mguuni akitoka shule. Mbwa mwenyewe kanenepa, manyoya safi, yaani si mbwa koko huyo, ana kwao, lakini shingoni hana kitu na hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukakimbia hospitali, na daktari anauliza mbwa ni wa nani? Maana mbwa akijulikana anaangaliwa siku 10, akibaki mzima basi siku aliyong'ata hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate na sindano zinaweza kusimamishwa. Sisi tulikuwa hatuna mbwa wa kumwangalia, kwahiyo mtoto akachomwa zote, na mimi wiki kadhaa usiku silali, mchana namwangalia kila akinywa maji kama anameza vizuri, kwa sababu kichaa hicho dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kibati kimoja tu cha shingoni chenye namba ya leseni kingetuondolea yote hayo.

Wengine wanasema chipu inatosha. Chipu nzuri, haidondoki, ila iko chini ya ngozi na ni kama punje ya mchele, huisomi bila mashine, na hiyo namba kama hakuna rejista yenye jina na simu ya mwenye mbwa haikusaidii chochote. Sasa hiyo rejista si ndo leseni yenyewe kwa jina lingine? Uingereza walifuta leseni ya mbwa 1987, ilikuwa imebaki peni 37 na wengi walikuwa hata hawalipi, halafu 2016 wakarudi kulazimisha kila mbwa awe na chipu na aandikishwe. Ireland ya Kaskazini leseni hawakuifuta, wanayo mpaka leo.

Na kuna hili watu hawalisemi. Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Asilimia 70 ya mbwa wangapi, kama jiji halijui lina mbwa wangapi?

Ninachoomba, leseni itolewe palepale mbwa anapochomwa chanjo, kwa daktari wa mifugo, meza moja, na iwe bure au hela ndogo sana, maana ukipandisha bei watakaolipa ni walewale ambao mbwa wao hawatoki getini. Faini iwekwe kwa anayeachia mbwa azurure bila kibati. Paka nao wachanjwe, leseni yao inaweza kusubiri, karibu wote wanaokufa kwa kichaa hiki waling'atwa na mbwa.

Na wewe mwenye yule mbwa wa kahawia, kama unasoma gazeti hili, sitaki fidia wala sikupeleki polisi. Niambie tu kama alikuwa amechanjwa.