Papa wangu, usitie sahihi

Papa wangu,

Mwanangu, jana komisyoneri, yule dalali wa nyumba, alipita hapa na mtu mmoja mnene, wakaanza kupima parseli, kiwanja chetu, kwa hatua bila hata kupiga hodi, eti ni wewe uliwatuma toka Goma. Sikuwapa kiti, na unajua mimi siko mtu wa hivyo. Kama ni uongo niambie leo. Kama ni kweli unauza nyumba yetu, usitie sahihi.

Ulisema kwa simu ni nyumba ya kikoloni, vyumba vidogo. Ndiyo, vidogo. Ni nyumba ya OCA, ile ofisi ya kujenga nyumba Wabelji waliunda 1952, huu mji wa Bukavu bado unaitwa Costermansville, juu wafanyakazi walikuwa wamejaa mjini na mshahara hautoshi kujenga. Ndiyo hiyohiyo ilijenga Ruashi kule Lubumbashi na Ngagara kule Bujumbura. Hawakujenga juu ya upendo, tusidanganyane: wazungu walikaa La Botte kando ya ziwa, sisi wakatutupa huku Bagira, mbali na macho yao. Lakini walipanga avenyu, mitaro ya maji, pa shule, pa soko. Babu yako alilipa kidogokidogo kila mwezi na mshahara wa karani mpaka nyumba ikawa yake. Mtu wa pesa kidogo kulala bila kuogopa mwenye nyumba, papa, wewe unayelipa garanti, kodi ya mbele ya miezi sita huko, ungelijua hilo kuliko mimi.

OCA ilikufa na uhuru, na tangu nizaliwe sijaona serikali ikijenga tena kartie nzima, mtaa wa watu wadogo, hapa Bukavu. Waliokimbia vita vijijini wamejenga wapi? Kwenye miteremko, mvua ikipiga usiku udongo unashuka na nyumba na watoto ndani. Ukiuza, mimi na dada yako tutaenda wapi kama si hukohuko? Usitie sahihi.

Kanisani nawaambia wote mwanangu ni injenyeri, nasema kwa sauti hata wasiouliza, halafu wewe miezi minne hata kunipigia hapana, mpaka siku unataka makaratasi.

Na mimi pia, ule mwaka minervali yako, pesa ya masomo, ilibana, nilishika avansi, pesa ya mbele ya mtu, kwa ile anekisi, kijumba cha nyuma, mjomba wako njo alirudisha zile dola, tuache hiyo. Nasema tu najua mdomo wa komisyoneri ulivyo mtamu mtu akiwa na shida. Kama uko na deni sema deni, tutatafuta, lakini nyumba hapana.

Makaratasi hayako tena kabatini, usimsumbue dada yako.

Tole, bati ya jikoni, inavuja, misumari nilishanunua, fundi anataka dola kumi. Ukipanda boti niletee fromaji, ile jibini ya Masisi, na lile blanketi la kijani ulibeba, usiku huku ni baridi.

Mama yako