Kijerumani sikijui, na Septemba naondoka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 17, naishi Tanga. Mwaka jana nilimaliza kidato cha nne, na Septemba nakwenda Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nitakaa miezi 10 na familia moja katika mji mdogo wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, nikisoma shule moja na binti yao. Nyumbani furaha tupu. Bibi ameshaanza kusuka mkeka wa ukindu niwapelekee wenyeji wangu. Nami nafurahi, ila usiku silali, kwa sababu Kijerumani sikijui.

Wiki iliyopita mama wa familia ile aliniandikia kwa Kiingereza, kwa upole sana, akaniuliza: tangu siku ya kwanza tuseme nawe Kiingereza au Kijerumani? Mpaka leo sijamjibu.

Baba anasema nichague Kiingereza, Wajerumani wengi wanakijua, nisijitese bure. Lakini Shangazi, mimi nimeshawahi kuwa bubu darasani. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, na kila muhula nilikuwa miongoni mwa watano wa kwanza. Kidato cha kwanza yote yakageuka Kiingereza: biolojia, jiografia, hata hesabu. Karibu mwaka mzima sikunyoosha kidole. Siku moja mwalimu alinisimamisha. Jibu nilikuwa nalo, maneno ya kulisemea sina. Akaniambia nikae, sikusoma. Nilikuwa nimesoma. Kitu kile hakijanitoka moyoni, na sasa nakirudia kwa hiari yangu mwenyewe.

Najitahidi. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam, na gharama za kukaa huko baba haziwezi, kwa hiyo najifunza kwa simu kila alfajiri baada ya kuswali. Yapo yanayonipa moyo. Watu hulalamikia der, die na das, vijineno vinavyotangulia nomino kulingana na jinsia yake, lakini sisi tuliolelewa na ngeli, nomino kuwa na kundi lake si jambo geni. Wana "du" ya mtu wako wa karibu na "Sie" ya heshima. Hilo nalo nililielewa papo hapo, maana hata sisi mkubwa hatumsalimii "mambo". Na neno "shule" tumelitoa kwao. Kinachonishinda ni kusikia. Ishirini na nne wao husema nne na ishirini. Nikimaliza kuipindua kichwani, msemaji ameshafika mbali. Tena Bavaria wana lahaja yao na salamu yao ya "Grüß Gott", na simu inanifundisha "Guten Tag".

Naomba unishauri. Nimwambie Kijerumani tangu siku ya kwanza, nikubali kula kimya wiki za mwanzo? Au tugawane: mezani Kijerumani, na mambo mazito, kama nikiugua, au kueleza kwamba nyama ya nguruwe sili na Ramadhani nitafunga, tuyaseme kwa Kiingereza? Miezi hii mitatu iliyobaki nishike sarufi kwanza, au sentensi za nyumbani na darasani? Na mwalimu wa huko nimwombe vipi anisubiri nitafute maneno, asidhani sikusoma?

Kama yupo msomaji aliyewahi kwenda hivyo akiwa mwanafunzi, naye nitashukuru akinieleza alivyofanya. Mama yule nataka nimjibu kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao, Tanga