Printa ya 3D ianze na mfano wa mfupa

Mhariri,

Magazeti yetu yanapoandika habari za printa za 3D, yaani mashine zinazochapa vitu kamili badala ya maandishi, katika tiba ya mifupa, aghalabu husimulia mfupa wa titani uliochapwa ng'ambo au hogo jepesi lenye matundu, la kushikilia mkono au mguu uliovunjika, na msomaji hubaki akidhani kwamba mambo hayo ni ya wenye fedha. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na naomba nafasi niseme kwamba kwetu matumizi yenye faida ya haraka ni yale yasiyopigiwa debe: kuchapa kwa plastiki mfano wa mfupa wa mgonjwa, kwa ukubwa wake uleule, kabla hajapasuliwa.

Chukulia mwendesha bodaboda aliyevunjika kikombe cha nyonga. Bila mfano huo, daktari hulikunja bamba la chuma la kuushikilia mfupa kwa koleo palepale mezani, hulijaribisha kwenye mfupa, hulitoa, hulikunja tena, nasi pembeni tunazidi kuhesabu gozi (vitambaa vya kufyonzea damu) zilizolowa. Zikiwapo picha za CT-Scan, programu ya kompyuta huugeuza upande uliosalimika, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ukawa kielelezo cha ule uliovunjika. Printa ikauchapa usiku kucha, na bamba likakunjwa juu yake siku moja kabla, bila papara. Mivunjiko ya aina hii mara nyingi husubiri siku kadhaa, hivyo saa za kuchapa hazimcheleweshi mgonjwa.

Ila plastiki ya PLA, inayotumika sana katika printa za bei nafuu, hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, ilhali mvuke wa kutakasia vifaa hufika 121 na zaidi. Kinachotiwa kwenye mvuke ni bamba. Mfano hubaki mbali na vifaa vilivyotakaswa.

Hogo la kuchapwa, kwa kweli, sina haraka nalo. Haliwashi ngozi sana na huoshwa, lakini mtoto aliyeanguka mwembeni huvimba mkono siku za kwanza, hivyo kipimo chake hubadilika, na plasta ya kawaida huwa ngumu kwa dakika chache na hupasuliwa mara vidole vikianza kufa ganzi.

Hospitali yenye CT-Scan imekwisha kununua kifaa kilicho ghali zaidi. Kilichobaki ni printa ya mezani na mtu wa kuziandaa picha, kazi ambayo vijana wa vyuo vyetu vya ufundi, wakikaa na madaktari wa mifupa, wataimudu.

Muuguzi,
Morogoro