Usimpelekee sonara kopo zima la sarafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wakusanyaji wa sarafu za zamani waliochoka na makopo yaliyojaa mchanganyiko wa kila nchi, wakaamua kuuza zote na kuanza upya. Kuuza si kosa. Kosa ni kulimwaga kopo zima mbele ya sonara alipime kwa gramu.

Sonara ananunua madini, hanunui mwaka wala alama. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ina gramu 7.78, lakini fedha humo ni robo tu, haifiki gramu 2. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, na ukubwa ni ule ule, hata uzito ni karibu ule ule. Mizani haitakusaidia hapo, soma mwaka. Rupia ya Wajerumani ndiyo yenye fedha ya kweli: gramu 11.66, sehemu 917 kati ya 1,000. Hata ikiwa imesuguliwa mpaka uso wa Kaiser, mfalme wao, haujulikani, ina bei yake.

Sasa chukua hela ishirini ya Tabora ya 1916. Ni shaba nyekundu au shaba ya njano, na kwa sonara ni chuma chakavu. Lakini hiyo iligongwa kwenye karakana ya reli pale Tabora, vita vilipokata njia ya kuleta sarafu kutoka Ujerumani, na ina herufi T ya mji huo. Ziweke mbili kando kwa kando utaona taji la moja ni kubwa na la nyingine ni dogo. Mkusanyaji anayejua atalipia tofauti hiyo. (Neno letu “hela” limetoka kwenye sarafu za familia hii hii.)

Kwa hiyo chambua kwanza. Zenye fedha zilizochakaa zitenge, hizo ziuze kwa uzito. Senti za kawaida za nchi za mbali, za miaka ya 1970 na kuendelea, ziuze kwa jumla bila majuto. Zinazobaki, kama sarafu za pesa za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria au za Mombasa za 1888 zenye picha ya mizani, ziuze moja moja, kwa picha za pande zote mbili zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana unaotoka ubavuni. Kabla ya kuachia yoyote kati ya hizo, jiulize utaipata tena kwa bei gani. Mfanyabiashara hununua chini ya bei anayouzia, na ukiirudisha mwakani pengo hilo unalilipa wewe.

Sarafu za kale za masultani wa Kilwa zinazookotwa ufukweni na kwenye magofu zisiingie sokoni kabisa. Zinaangukia Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, zipelekwe makumbusho.

Tena nawasihi: msizisafishe ili zipendeze machoni pa mnunuzi. Ndimu hula uso wa shaba ikabaki na rangi ya waridi, na majivu au dawa ya meno huacha mikwaruzo inayoonekana chini ya lenzi mara moja. Hapo bei imeshaanguka na hairudi. Utando wa kijani unaonata hutokana na mifuko laini ya plastiki. Huo utoe kwa asetoni safi, si dawa ya kutolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta. Loweka dakika chache kwenye glasi, mbali na moto, madirisha yakiwa wazi, kisha acha ikauke yenyewe bila kufuta. Huku pwani weka na vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku, maana hewa ya chumvi haichelewi.

Anayeanza upya achague kitu kimoja chembamba. Hela za Wajerumani za 1904 hadi 1916 zinatosha: kuanzia nusu hela mpaka ishirini, zenye herufi ya mji zilikogongwa, A ya Berlin, J ya Hamburg au T ya Tabora. Hela tano peke yake ina sura tatu: ya 1908 na 1909 ni shaba kubwa inayojaza kiganja, ya 1913 na 1914 ni ndogo yenye tundu katikati, na ya 1916 ni ya Tabora tena.

Mkusanyaji wa sarafu,
Tanga