Barua kwa shangazi aliyecheka niliposema nimekwenda kutazama makaburi

Shangazi, shikamoo.

Siku ile kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa: "Wenzio wakifika Ulaya wanapiga picha maghorofa, wewe umefuata makaburi!" Salio likakata kabla sijakujibu. Haya, jibu ni hili, na wengine nao wasome.

Tulikodi nyumba ya shamba wiki moja huko Toscana, Italia, katikati ya mizeituni. (Mkate wao hauna chumvi. Ungeurudisha dukani.) Kila asubuhi tulipanda mji mmojawapo wa vilimani, lakini ulioniteka ni Volterra.

Kabla ya Warumi, mji huo ulikuwa wa Waetruski, watu wa kale wa Italia, nao waliuita Velathri. Lango lao la mawe bado watu wanapita chini yake na vikapu vyao. Lina vichwa vitatu ambavyo mvua na upepo vimevila, havina tena pua wala macho. Mwaka 1944 wanajeshi wa Kijerumani walitaka kulilipua. Wenyeji wakang'oa mawe ya barabarani wakaliziba lote, likapona.

Sasa hayo makaburi. Makumbusho ya Guarnacci, mjini humo, yana visanduku zaidi ya 600 vya Waetruski vya kuwekea majivu ya wafu. Juu ya vifuniko vingi amechongwa marehemu mwenyewe, kajiegemeza kwenye kiwiko kama yuko karamuni. Kiwiliwili kifupi, kichwa kikubwa: fundi alijali sura tu.

Kimoja ni cha udongo wa kuchoma, cha mume na mke wazee. Nyuso zimejaa mikunjo, hakuna aliyepambwa. Mume anatazama mbele. Mke kageuka, anamtazama yeye. Nikakukumbuka wewe na marehemu mzee, akisikiliza taarifa ya habari redioni. Wagiriki waliwasema vibaya Waetruski kwa kula karamu na wake zao kochi moja. Nilisimama pale hadi wenzangu wakanifuata.

Maandishi ya Waetruski huanzia kulia, kama msahafu wako. Herufi zinasomeka, ila maneno mengi hadi leo hayajafahamika maana yake.

Mafundi wa Volterra bado wanachonga alabasta, jiwe laini, nami nimekununulia kibakuli. Tafadhali usikiloweke kwenye beseni na vyombo vingine, maji hukila. Futa tu kwa kitambaa kikavu.