Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: tufundisheni kutengeneza njia za baiskeli

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, nimepanda baiskeli tangu enzi za kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti sikifikii. Mji wetu ni wa baiskeli na hilo unalijua, alfajiri tu simama barabara ya Taifa uangalie wauza samaki, mafundi, wanafunzi, wote wanakanyaga. Sasa mimi sikuombi lami, naomba mafunzo.

Nieleze kwa nini. Mwaka juzi sisi vijana kama kumi na wawili tuliongea na mwenyekiti wa mtaa tukafungua kinjia kule Kiomoni, kuelekea mapango ya Amboni, ili mtu akitaka kutembea wikendi na wanawe aende kwa baiskeli bila kubanwa na malori ya mpakani Horohoro. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukakishusha moja kwa moja hadi karibu na mto Mkulumuzi maana ndo ilikua karibu, na siku ya kwanza kilipendeza kweli. Ikaja masika. Mwezi wa tano kinjia chote kimekua korongo, mawe ya chokaa yametoka nje kama meno, jasho letu lote limeenda mtoni.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Lushoto. Akaniambia angalia vinjia vya kwetu, vinazunguka ubavu wa mlima, havishuki nao. Na ndivyo wataalamu wanavyosema, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, ukizidisha maji yanaifata njia badala ya kuikata. Alafu ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kidogo, kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, na kila baada ya hatua kadhaa njia ishuke kidogo kisha ipande tena ili maji yatokee hapo kwenye kibonde yaende zake porini. Vifaa vyenyewe jembe, sururu, chepe, toroli na pima maji ya fundi ujenzi, basi. Tulivikosa vifaa? Hapana, tulikosa mtu wa kutuonyesha.

Kule Marekani kuna shirika la waendesha baiskeli za milimani, IMBA, la tangu 1988, limekua likipita mji kwa mji kufundisha watu wa kujitolea, wanajifunza huku wanachimba. Kwetu walimu tunao, VETA, chuo cha ufundi, ipo hapa hapa, mainjinia wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapo. Wiki mbili zinatosha, vijana wawili watatu kila kata, wakianza na lile korongo letu kama darasa.

Na wafundishwe kutunza pia, hapa ndo penye kazi. Kuzibua matoleo ya maji kabla ya masika na kabla ya vuli, kwenda kutembea njia mvua ikiwa bado inanyesha uone maji yanasimama wapi. Mjini nako kufagia mchanga pembeni ya barabara maana tairi linateleza, na kuangalia vile vyuma vya kufunika mitaro, vikilazwa sambamba na njia vinameza tairi la mbele na mtu anaruka juu ya usukani. Vikigeuzwa vikae kukata njia hatari imeisha, gharama ni kazi ya mchana mmoja.

Kikundi kikishafunzwa kikasajiliwa kinaweza hata kuomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, fungu la vijana ni asilimia 4, wakanunua vifaa na kukodisha baiskeli kwa wageni wa mapangoni.

Sisi kila Jumamosi asubuhi tupo Kiomoni. Tumeanza kupima upya kwa uzi na pima maji, mita kama arobaini hivi, tukizunguka kilima safari hii. Tunaomba uje na injinia mmoja kabla mwezi wa tatu haujaingia, atuambie kama tumepatia.